Barua za zamani zinatoweka kwenye kikasha cha kompyuta ya ofisi, za karibuni zinabaki

Karani wa Bandarini (Mtwara) anauliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandika kutoka ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mtwara mjini, na ninaomba msaada katika jambo ambalo limeanza kutugombanisha na wateja. Ofisi yetu ina anwani moja ya pamoja ya barua pepe, yenye jina la kikoa chetu wenyewe, na nafasi ya seva tumepanga kwa kampuni iliyoko Dar es Salaam. Kompyuta ya mezani ya mapokezi, ambayo ninaikalia mimi, husoma anwani hiyo kwa programu ya Thunderbird, na mkurugenzi huisoma kwenye simu yake. Barua mpya zinaingia bila shida yoyote, lakini za zamani hazionekani kwenye kikasha, wala kwenye tupio, wala kwenye folda ya barua taka.

Nililibaini jambo hili wiki iliyopita, msafirishaji mmoja wa korosho alipoomba tumrudishie nakala ya hati ya shehena na cheti cha afya ya mimea alivyotutumia mwezi uliopita. Barua hiyo niliisoma na kiambatisho kimoja nilikichapisha, kwa hiyo nina hakika ilifika. Niliitafuta kwa jina la meli, kwa jina la mtumaji na kwa namba ya kontena, nikatoka patupu. Tangu hapo kila asubuhi ninaangalia mwisho wa orodha: jana barua ya chini kabisa ilikuwa ya tarehe 2, na leo, tarehe 17, ya chini kabisa ni ya tarehe 3. Jumamosi, ambayo sisi wa mapokezi hufanya kazi nusu siku, haikupungua hata barua moja, ila Jumatatu zilitoweka nyingi kwa mpigo.

Pengine na haya yatasaidia. Barua ambazo nilikwisha kuzihamishia kwenye folda nilizotengeneza mwenyewe, kama ile ya "Meli" na ile ya "Ushuru", zipo zote, hata za mwaka juzi, na folda ya zilizotumwa haijaguswa. Nafasi kwenye seva haijajaa. Fundi wetu yuko Dar es Salaam na hajapata muda wa kushuka huku. Je, ni kompyuta yangu inayofuta, au kuna mtu?

Mwana wa Masasi anajibu:

Dada, pole kwa usumbufu. Kwa uzoefu wangu programu za barua zikianza ukorofi wa namna hii dawa yake ni kuiondoa programu na kuiweka upya, na ikishindikana, kupiga Windows upya kabisa. Kompyuta nyingi za ofisi huku kwetu zimejaa virusi kutokana na flashi zinazozunguka kutoka mkono hadi mkono, na mashine ikisafishwa mambo mengi hukaa sawa.

Fundi wa Chuno (Mtwara) anajibu:

Dada, ninakusihi usiondoe programu wala usiguse Windows kabla hujamaliza kusoma maelezo haya. Ndugu yangu wa Masasi ana nia njema, na kuhusu flashi amesema kweli, lakini dalili ulizozieleza hazielekezi kwenye kompyuta yako hata kidogo, na kuisafisha kunaweza kuondoa nakala pekee iliyobaki ya baadhi ya barua hizo. Thunderbird huweka barua za folda moja ndani ya faili moja kubwa, na barua iliyofutwa huondolewa kwenye orodha kwanza huku maandishi yake yakiendelea kukaa ndani ya faili mpaka folda ibanwe. Kwa hiyo programu ikikuuliza kama ibane folda ili kuokoa nafasi, kwa sasa ikatalie.

Swali la kwanza katika kesi zote za barua kupotea ni kama barua hiyo ipo kwenye seva au haipo, na jibu halipatikani ndani ya Thunderbird. Fungua kivinjari, ingia kwenye ukurasa wa barua mliopewa na wenye seva, kisha utafute ile barua ya msafirishaji. Ikiwa ipo huko na kwako haionekani, basi tatizo ni la kuonyesha tu, na mara nyingi chanzo chake ni kichujio cha haraka kilichoachwa kikionyesha zisizosomwa peke yake, au faharasa ya folda iliyoharibika, ambayo hutengenezwa upya kwa kitufe cha kukarabati kilichomo kwenye sifa za folda. Ikiwa haipo hata kwenye seva, ujue kuna kifaa fulani kilichoiamuru seva iifute, na kazi iliyobaki ni kukitafuta kifaa hicho.

Mimi ninaamini utaikuta haipo, na sababu zangu umezitoa wewe mwenyewe. Leo ni tarehe 17 na barua ya mwisho ni ya tarehe 3, yaani tofauti ya siku 14. Idadi hiyo haikutokea kwa bahati. Outlook, ambayo ni programu nyingine ya kusomea barua, ikiunganishwa na anwani kwa njia ya POP, yaani ile ya kuzichukua barua kutoka kwenye seva, hushusha barua zote kwenye mashine yake, na kwa mpangilio wake wa kawaida huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 tu, kisha huziondoa. Pili, POP haijui folda. Inachokiona kwenye seva ni kikasha peke yake, ndiyo maana "Meli" na "Ushuru" zimesalimika pamoja na zilizotumwa; binadamu mwenye nia ya kufuta, au kirusi, asingekuwa na adabu ya kubagua namna hiyo. Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi, kifaa hicho kinapumzika mwisho wa wiki. Thunderbird nayo ina sera ya kuhifadhi inayoweza kufuta barua zilizopitisha umri fulani, na unaweza kuikagua kwenye sifa za kikasha kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, lakini kama ingekuwa hiyo, barua zingepungua hata Jumamosi ulipokuwa umeiwasha kompyuta. Simu ya mkurugenzi nayo ninaiondoa kwenye orodha ya washukiwa, kwa kuwa simu haizimwi Jumamosi. Tafuta kompyuta inayofunguliwa Jumatatu na kufungwa Ijumaa.

Kabla ya kumtafuta mwenye nayo, zuia hasara kwanza. Ndani ya akaunti hiyo hiyo ya ofisi, si kwenye zile folda za ndani ya kompyuta, tengeneza folda mpya na uhamishie humo barua zote zilizobaki kwenye kikasha. Zikishatoka kwenye kikasha, POP haizioni tena. Kisha mwombe mkurugenzi ruhusa ya kubadilisha nywila ya anwani, uiingize nywila mpya kwenye kompyuta yako na kwenye simu yake tu, halafu mtulie msubiri atakayelalamika kwamba barua haziingii. Atakapojitokeza, msimwache afute akaunti kwenye mashine yake wala kubofya chochote, kwa sababu barua zenu zote zilizotoweka zimo humo.

Niongeze neno moja kwa mafundi wenzangu wanaosoma hapa. Tangu Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikayumba nchi nzima, nimekutana na ofisi kadhaa zilizowekewa POP kwa hoja kwamba barua hubaki ndani ya mashine hata mtandao ukizimika. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, maana IMAP, yaani njia ya kuzisoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, nayo huweza kuhifadhi nakala ndani ya kompyuta, tena bila kuinyang'anya seva. POP tunayotumia, ile ya toleo la 3 ambayo kanuni zake za sasa zilichapishwa mwaka 1996, inamfaa mtu mmoja mwenye mashine moja. Anwani inayosomwa na watu watatu haistahili kuwekewa POP, na fundi anayeiweka bila kuuliza ni nani mwingine anayeitumia anawatengenezea wenzake kazi.

Mhasibu wa Lindi anajibu:

Nimeridhika na maelezo ya Fundi, lakini kwa kuwa ofisi ya forodha hupitisha fedha nyingi za wateja, ninaomba dada asiache kukagua jambo la pili akiwa tayari ameingia kwenye seva kwa kivinjari. Aende kwenye mipangilio na kuangalia kanuni za kuchuja barua na kipengele cha kuelekeza barua kwenye anwani nyingine. Wezi wa mtandaoni wakishapata nywila ya ofisi hawafuti barua ovyo. Hutega kanuni inayohamisha kila barua yenye neno "malipo" au jina la benki kwenda kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, kisha hujibu wao badala yenu na kumpa mteja namba ya akaunti ya kwao.

Dalili yake ni tofauti na yenu: hutoweka barua za mtu fulani au za jambo fulani, na hutoweka dakika ile ile zinapoingia, bila kujali umri. Mkikuta kanuni ambayo hakuna aliyeitengeneza, pigeni picha ya skrini kabla ya kuifuta, kwa sababu kuingilia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na polisi watahitaji ushahidi. Kisha wapigieni wateja wenye malipo yanayosubiriwa, kwa simu, si kwa barua pepe.

Mzee wa Masjala (Nachingwea) anajibu:

Binti yangu, mimi si mtu wa seva, nimefanya kazi ya masjala mpaka nikastaafu, na ninachokuomba ni kitu kidogo. Hizo folda zako za "Meli" na "Ushuru" ndizo zilizokuokoa, basi usiziache. Barua ikishafanyiwa kazi iondoke kwenye kikasha siku hiyo hiyo na iwekwe kwenye folda ya jalada lake, na namba ya jalada iandikwe kwenye rejesta. Kikasha ni sawa na trei ya barua zinazoingia juu ya meza: hatukuwa tukiacha barua za mwaka mzima kwenye trei. Kumbukumbu za kodi sheria inataka zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo barua ya mteja inayokuelekeza namna ya kutoa mzigo ni hati kamili, na ikipotea umepoteza hati.

Karani wa Bandarini anaandika tena:

Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Niliingia kwenye seva kwa kivinjari na barua ya msafirishaji haikuwepo. Kanuni za kuchuja nilizikagua kama alivyoshauri ndugu yangu wa Lindi, na iliyokuwepo ni moja tu, ya kuhamisha matangazo, ambayo ninaifahamu kwa sababu niliitengeneza mimi. Barua zilizobaki nilizihamishia kwenye folda mpya, na asubuhi iliyofuata zilikuwepo zote, hata zile za tarehe 3.

Mkurugenzi aliporidhia, tulibadilisha nywila jioni. Kesho yake, kabla hata ya chai ya saa nne, mhasibu wetu alishuka kutoka ghorofani na kompyuta mpakato yake mikononi, na kwenye skrini kulikuwa na kile kidirisha cha Outlook kinachodai nywila, ambacho kila akikifunga kinarudi. Alipoajiriwa msimu wa korosho ulipoanza, aliomba awe anaona ankara zinazoingia, na kijana aliyekuja kufunga printa ndiye aliyemwekea barua za ofisi kwa wema tu. Kwenye mipangilio ya akaunti yake aina ya seva imeandikwa POP na poti ni namba 995. Kikasha chake kina barua zote tangu siku ile, pamoja na za miaka ya nyuma zilizokuwa zimerundikana kwenye seva, na ile hati ya shehena tayari nimeichapisha na mteja ameipata.

Sasa ninaomba mniongoze namna ya kuzirudisha barua hizo kwenye seva ili sote tuzione. Faili la Outlook kwenye mashine ya mhasibu lina ukubwa wa GB 7, na nafasi tuliyolipia kwenye seva ni GB 5. Intaneti yetu ni ya ruta ya bando.

Fundi wa Chuno anajibu:

Hongereni, na mpeni mhasibu pole, hana kosa.

Anzeni na nakala. Fungeni Outlook kabisa, kisha mlitafute faili lenye kiambishi cha .pst, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye folda ya Outlook Files ndani ya Documents, na mlinakili kwenye diski mbili za nje. Kunakili faili hilo huku Outlook ikiwa imefunguliwa hakufai, kwani huwa limeshikiliwa na programu. Diski moja akae nayo mkurugenzi.

Hatua inayofuata ni kuingia kwenye mipangilio ya ile akaunti ya POP bila kuipa nywila mpya, na kuondoa alama kwenye kisanduku kinachoiagiza iondoe barua kwenye seva baada ya siku 14. Fanyeni hivyo hata kama hamna mpango wa kuitumia tena, maana siku moja mtu atajaza nywila kwa kusahau. Halafu ongezeni anwani ile ile kwenye Outlook kwa mara ya pili, safari hii kwa IMAP, poti namba 993. Upande wa kushoto mtaona seti mbili za folda: ya zamani, iliyomo ndani ya faili, na mpya, inayotoka kwenye seva. Barua mtakayoiburuta kutoka ya zamani kwenda kwenye mpya, huku mmebonyeza kitufe cha Ctrl ili inakiliwe badala ya kuhama, itapanda kwenye seva na dada ataiona kwenye Thunderbird baada ya muda mfupi.

Kuhusu ukubwa, GB 7 haziwezi kuingia kwenye GB 5, na sioni haja ya kulipia nafasi zaidi kwa ajili ya matangazo na salamu za sikukuu za miaka iliyopita. Pandisheni barua za msimu huu zote, na za miaka ya nyuma pandisheni zile tu za mizigo ambayo hesabu zake hazijafungwa. Zilizobaki zikae kwenye faili na kwenye zile diski. Msiburute barua nyingi kwa pamoja. Chagueni za wiki moja, msubiri zimalizike, mhesabu kama idadi inalingana pande zote mbili, ndipo mwendelee na wiki nyingine, kwa sababu intaneti ikikatika katikati ya kundi kubwa mtashindwa kujua ni zipi zimepanda na zipi zimebaki. Kumbukeni pia kwamba kiambatisho kikisafiri ndani ya barua pepe huvimba kwa takriban theluthi moja, hivyo hati iliyoskaniwa ya MB 6 italila bando lenu MB 8. Kama mna bando la usiku, lingojeni.

Karani wa Bandarini anaandika tena:

Nimeelewa, Fundi. Nakala kwenye diski zote mbili zimekamilika, na barua za wiki ya kwanza zimepanda na idadi yake inalingana. Mhasibu anauliza jambo moja: je, akiendelea na IMAP peke yake, naye akifuta ankara aliyokwisha kuilipa kwenye kompyuta yake, kwangu itafutika?

Fundi wa Chuno anajibu:

Ndiyo, itafutika kwako na kwenye simu ya mkurugenzi pia, kwa kuwa nyote mnatazama seva moja. Mtengenezeeni folda ya "Ankara zilizolipwa" ndani ya akaunti hiyo na awe anazihamishia humo badala ya kuzifuta. Na kama wenye seva wenu wanaruhusu, waombeni mhasibu afunguliwe anwani yake mwenyewe, kisha nakala za barua zenye ankara zielekezwe kwake kwa kanuni, ili anwani ya mapokezi ibaki na dada na mkurugenzi tu.